Tiki Mbili za Buluu

Kibanda changu kiko Arua, nyuma ya wauza muhogo mkavu:
ubao mmoja, nyaya kumi na nne, betri ya lori.
Shilingi mia tano, nakujazia simu chaji.
Ndiyo maana nayajua ya mji huu.
Simu ikifufuka hulia kwanza, na aliye karibu ni mimi.

Msimu wa mvua mtaro ulifurika tena.
Ulibeba ndala, ukabeba gunia la Onzia
(ufuta wa mwaka mzima, ukaelea kama povu),
ukaingia zahanati bila kupanga foleni.
Tukasema kama tunavyosema: serikali.
Neno moja, kisha mate chini.

Siku niliyopeleka kodi ya kibanda manispaa
niliona karatasi nyuma ya kioo, mlango una kufuli:
WANANCHI WOTE MNAALIKWA.
Makadirio ya bajeti, Jumanne, saa nne.
Wananchi wote! Na karatasi imebandikwa ndani.
Nikaipiga picha, kivuli changu kikaingia katikati,
nikaitupa kwenye kundi letu la wasapu,
lile la msiba wa Drale, lililosahaulika kufungwa.

Kimya.
Kisha mtu akauza kuku.
Kisha sala ya asubuhi, yenye maua.
Kisha Amaguru, fundi cherehani, akaivuta picha kwa vidole viwili:
"Someni mstari wa sita. Kupaka rangi lango la ukumbi,
milioni kumi na nane. Mtaro, sifuri."

Hapo mabando yakaungua.
Jumbe mia mbili na kumi kabla ya adhuhuri,
Kilugbara, Kiswahili, Kinubi,
na matusi ya lugha zote tatu.
Diwani yumo kundini. Alichangia jeneza, hatukumtoa.
Tukaziona tiki mbili zikigeuka buluu.
Anaandika, ikasema simu.
Anaandika.
Anaandika.
Kisha hakuandika.

Bi Zamzam hana simu ya kupapasa.
Alikuja na kitochi chake kilichofungwa kwa mpira,
akasema, nipe hiyo yako niseme.
Sekunde hamsini na mbili, nimezihifadhi:
"Wanangu, ni mimi, Zamzam wa maandazi.
Vidole vyenu nimevisikia tangu alfajiri.
Maji hayajui kusoma.
Jumanne nakwenda na kigoda changu,
maana viti vyao navijua.
Anayetaka kunicheka, anicheke amesimama kando yangu."

Madole gumba sabini na matatu.
Mimi nakaa na simu za watu, nayajua madole gumba:
ni mepesi, hayana matope.

Jumanne tulifika thelathini na mmoja.
Nawahesabu nisije nikadanganya.
Viti tisa, na kigoda.
Karani akauliza nani katuleta;
Amaguru akainua simu: na walio sokoni wanakusikiliza.
Onzia alikuja na lile gunia, tupu, bado bichi,
akalilaza mezani juu ya makadirio.
Hakusema kitu.
Maji yakasema, taratibu, karatasi hadi karatasi.

Sitawaambia tulishinda.
Lango limepakwa rangi ya kijani, nusu.
Mtaro umechimbwa hadi kwa fundi baiskeli,
ukaishia hapo
kama sentensi ya mtu aliyeitwa nje.
Lakini kila siku saa moja asubuhi, kwa zamu,
mmoja wetu hupiga picha pale ulipoishia
akaituma bila neno.
Tiki moja. Tiki mbili. Buluu.

Jana ilikuwa zamu ya Bi Zamzam.
Nilimshikia simu, yeye akabonyeza,
na kidole chake kikaonekana pembeni, kina unga.
Chini ya picha simu ikasema: Diwani anaandika.
Chaji asilimia nne.
Nikachomoa simu ya mteja, nikachomeka yangu,
tukangoja.